Mwaka wa Ratiba Nne za Sindano

Tulikuwa tumemaliza hitima ya arobaini ya baba. Nje masufuria ya pilau yalikuwa yanasuguliwa kwa majivu, na mie nimekaa sebuleni pale nyumbani Tandika nikiomba kimoyomoyo wageni waondoke ninyooshe miguu. Ndipo Shangazi Zuwena, dada yake baba aliyekuja kutoka Muscat, alipoweka kikombe chake cha kahawa chini na kusema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana, "Lakini yule mtoto angepumzishwa Ijumaa, angekuwa mrefu kuliko vile." Mtoto mwenyewe, mdogo wangu Rukia, ana miaka thelathini na kitu, ni mwalimu wa sekondari, na wakati huo alikuwa anakusanya sahani mbele ya shangazi huyohuyo. Binamu mmoja akaingilia kwamba siku hizi kuna sindano za mara moja tu kwa wiki. Shangazi akapiga paja: "Si nilisema mie!" Hakusema. Alisema mara sita kwa wiki, akalisema hilo mwaka mzima, kwa simu, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Nikafumba macho. Halafu mtu mwingine, nia yake njema, akasema, "Lakini tumshukuru Maju. Yeye ndiye aliyemdunga mdogo wake, hakukosa hata siku moja. Marehemu alikuwa anajivunia sana." Nikainuka nikaenda jikoni. Marehemu hakuwahi kusema kwamba sikukosa siku. Alinyamaza tu, na watu wakajaza wenyewe, na mie kwa miaka yote hiyo nimewaacha wajaze.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya kidato cha tano. Rukia alikuwa na kumi, ila mtu asiyemjua angemkisia sita. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanampita bega. Daktari aliyempima, mama mmoja mtulivu mwenye kliniki ndogo upande wa Mwenge, alituambia kwamba kuna tezi chini ya ubongo inayotoa homoni ya kukuza mwili, na ya Rukia ilikuwa inatoa kidogo mno. Homoni hiyo ipo ya kudunga, akasema, na ataihitaji kwa miaka kadhaa. Hapa mjini wakati ule haikupatikana kirahisi. Shangazi Zuwena ndiye aliyeipata huko aliko, akawa anatuma na wasafiri ndani ya thamosi yenye barafu, vichupa vya unga na vichupa vya maji yake, vimefungwa kwenye soksi za sufi ili visigongane. Nashukuru mpaka leo. Lakini aliyetuma dawa alijiona ametuma na amri zake, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Nani adunge? Mama alipoiona ile sindano, nyembamba kama unywele, alikaa chini sakafuni bila kuambiwa. Baba alikuwa karani bandarini. Mkono wake mbele ya kalamu ulikuwa imara, mbele ya paja la binti yake ukawa unatetemeka. Wote wawili wakanigeukia mie, kwa kuwa nilikuwa "sina kazi". Muuguzi wa pale kliniki alinipa chungwa na bomba la sindano lenye maji matupu, akanionyesha jinsi ya kubana ngozi na kuingiza. Nililidunga lile chungwa mara nne. Mara ya tano nikamdunga mdogo wangu.

Daktari alisema kila siku, jioni, kabla mtoto hajalala. Alitueleza vizuri, hata mie nilielewa: mwili wenyewe hutoa homoni hiyo zaidi mtu akiwa usingizini, kwa hiyo kidogo kidogo kila siku ndiyo njia inayokaribia zaidi mwili unavyofanya wenyewe. Baba akafurahi. Alipenda sana kitu chenye utaratibu. Alichukua karatasi kubwa ya manila, akaipigia mistari kwa rula, miezi na siku, kila siku na kisanduku chake cha kuwekea alama ya vema, akaibandika ukutani kando ya friji. Hiyo ilikuwa ratiba ya kwanza.

Ya pili ilikuja kwa simu. Shangazi alikuwa amemuuliza daktari wa huko, naye akamwambia wagonjwa wake wanadungwa siku sita na kupumzika moja. Baba alikuwa anaishika simu mbali na sikio, na sisi sote mezani tunasikia. "Ijumaa, kaka! Ijumaa mtoto apumzike! Mwili si mashine!" Baba anasema, "Daktari wetu amesema kila siku, Zuwena." Shangazi anauliza dawa anatuma nani, daktari wenu au mie. Mama anaongeza mchuzi kwenye sahani ambayo haijapungua.

Ya tatu ilipita mlangoni kwa miguu yake. Mzee Komba, jirani yetu mtu wa Songea, alikuwa tabibu mstaafu wa zahanati, na kila jioni tukianza kula yeye alikuwa anapita kusalimia. Tunamwambia shikamoo, anaitikia marahaba, anakaribishwa, anakataa, anakaa, anakula. "Baba Mwajuma," anasema huku anamega ugali, "mie nimedunga watu miaka thelathini. Dawa hii zamani ilikuwa inadungwa mara tatu kwa wiki. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, basi. Unaongeza kipimo kila mara, kiasi cha wiki kinakuwa kilekile. Kwa nini kumtoboa mtoto mara saba kama anatosheka na tatu?" Swali zuri, tena. Baba anajibu kwamba siku hizi wameona kila siku ni bora. "Nani ameona?" anauliza Mzee Komba. "Shangazi wa mtoto anasema Ijumaa apumzike, wewe unasema Ijumaa adungwe, mie nasema Ijumaa ni lazima. Sasa?"

Kinachonikera hata leo nikikumbuka ni kwamba wote watatu walikubaliana juu ya dawa ya wiki nzima. Ugomvi wote ulikuwa wa kugawanya tu: kwa saba, kwa sita, au kwa tatu. Mtoto wa darasa la nne angeumaliza. Lakini jioni baada ya jioni ulikuwa unafunguliwa upya juu ya chakula, wali na samaki wa kukaanga unapoa, maharage yanaganda, na aliyekuwa anasubiri kudungwa amekaa hapohapo akisikiliza watu wazima wakimgawa. Rukia alikuwa na njia yake ya kujitetea. Alikula maharage moja moja. Anaokota haragwe kwa vidole viwili, analiangalia, analitafuna mpaka linakwisha, anachukua jingine, kwa sababu alijua sahani ikiisha tu nitasema, "Haya Ruki, twende." Chumbani alikuwa hapigi kelele. Ningeona afadhali angepiga kelele. Alikuwa anakaza paja kama ubao, na paja likikazwa sindano inauma zaidi, namwambia legeza, hawezi kulegeza, tunakaa hapo mie na bomba mkononi, yeye machozi yanateremka bila sauti, na kutoka sebuleni tunamsikia Mzee Komba: "Mara tatu tu!"

Siku ya kwanza niliyokosa haikuwa na mpango. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, rafiki yangu wa shule alikuwa amealika wenzake kwao Chang'ombe kufuturu, na mie nilikuwa sijatoka nyumbani jioni hata moja kwa zaidi ya miezi mitatu. Nilirudi nimechelewa, Rukia ameshalala. Nilisimama mbele ya ile karatasi ya baba. Visanduku vyote vina vema, safi, kama daftari la mwanafunzi hodari, na kile cha siku ile kitupu. Nikaweka vema. Asubuhi Rukia alinitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyesema kitu.

Baada ya wiki akaniomba. "Dada, leo tusidunge. Mbona ile siku hatukudunga na sijafa?" Nilikuwa nimechoka. Sitaki kujipamba: sikuwa na huruma tu, nilikuwa nimechoka na yale maneno ya mezani, nimechoka na kuwa mkono wa watu ambao mikono yao wenyewe inatetemeka. Nikasema sawa. Wiki iliyofuata zikawa siku mbili, halafu tatu. Ilipofika mwezi wa pili tangu nianze kukosa, nilikuwa namdunga mara tatu au nne kwa wiki. Nilijidanganya kwamba nafuata ratiba ya Mzee Komba, lakini Mzee Komba alisema kipimo kiongezwe, na mie sikuongeza kitu. Nilimpa mdogo wangu nusu ya dawa na kuandika kwamba nimempa yote. Hiyo ndiyo ratiba ya nne, na ilikuwa yangu peke yangu. Dawa ikishachanganywa haikai muda mrefu, kwa hiyo iliyobaki nilikuwa naimwaga kwenye shimo la bafuni na kufuatisha kopo la maji. Dawa iliyovuka bahari ndani ya soksi za sufi.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Tulikuwa tunakaa bila umeme mchana kutwa, siku nyingine mpaka kesho yake, na friji ikawa kabati tu. Baba alihangaika mno. Alinunua deli la kutunzia ubaridi, kama yale ya wauza barafu za watoto, na kila alfajiri akitoka msikitini anakwenda Buguruni kutafuta barafu, anarudi ameibeba begani ndani ya kiroba, shati limelowa upande mmoja, anaivunja kwa nyundo uani, anavipanga vile vichupa juu ya kitambaa visiguse barafu yenyewe. Halafu ndiyo anaoga aende kazini. Nilikuwa naamshwa na ile nyundo. Nilikuwa nalala pale nikiisikiliza na kujiambia kwamba leo nitamdunga, leo hatakosa. Jioni ikifika, shangazi anapiga simu, Mzee Komba anaingia, Rukia anaokota haragwe la kwanza, na mie najua kabisa kwamba sitamdunga.

Kila miezi mitatu tulikuwa tunampeleka Rukia kupimwa. Mara ya kwanza alikuwa ameongezeka mpaka daktari akatabasamu. Mara ya pili, hapo ratiba yangu ilikuwa imeshaanza, aliongezeka kidogo. Mara ya tatu alikuwa kama hajaongezeka kabisa. Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo. Mzee Komba alisema mwili umechoshwa na kudungwa kila siku. Shangazi alisema si niliwaambia Ijumaa. Mama alisema huenda mtoto amepatwa na kijicho cha watu. Baba alisema ni kosa lake, barafu hailindi dawa sawasawa, dawa imeharibika mikononi mwake. Alisema hivyo akiwa ameshika nyundo. Kila mmoja alikuwa anaonyesha kidole ile karatasi ya ukutani: tazameni, hajakosa hata siku. Walikuwa wanabishana vizuri kabisa juu ya uongo wangu.

Wiki mbili baadaye daktari alituita tena Mwenge. Baba aliibandua ile karatasi ukutani, akaikunja kwa uangalifu akaja nayo. Kile chumba nakikumbuka: meza yenye kioo juu, kipimo cha urefu cha mbao ukutani, feni inayosukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Daktari aliitandaza karatasi ya baba juu ya kioo na kuipitia kwa ncha ya kalamu, mwezi kwa mwezi.

"Mmejitahidi sana," alisema. "Kwa kweli sijaona familia yenye kumbukumbu safi kama hizi. Ndiyo maana nina wasiwasi. Kama amepata dawa yote hii na bado hakui, basi kuna jambo jingine. Itabidi nipandishe kipimo. Na kabla ya hapo nataka arudiwe vipimo. Atakaa hapa siku nzima bila kula, tutamtoa damu kila nusu saa."

Rukia alikuwa amekaa kati yangu na baba, miguu haifiki chini. Aliposikia damu kila nusu saa hakulia. Alinigeukia akanitazama tu, kama alivyonitazama ile asubuhi ya kwanza. Angeweza kusema. Alikuwa na kila sababu ya kusema, na hakusema, alikuwa ananisubiri.

"Hajapata yote," nikasema.

Baba akauliza, "Nini?"

"Dawa. Hajaipata yote, baba. Siku nyingine sikumdunga. Siku nyingi. Nilimwaga dawa, nikaweka vema tu."

Feni ilizunguka. Daktari aliweka kalamu chini. Baba hakunitazama mie, aliitazama karatasi yake, ile mistari aliyoipiga kwa rula.

"Tangu lini, Mwajuma?" Alikuwa ananiita Maju siku zote.

"Tangu Ramadhani."

"Na barafu ninayobeba?"

Nikapandisha sauti, nikapiga kelele mbele ya daktari jambo ambalo hatukulelewa nalo. "Nimechoka, baba! Kila siku mnabishana nyie, nadunga mie! Mara saba, mara sita, mara tatu, kuna hata mmoja wenu aliyewahi kumshika akilia? Nyie mnaongea, mie nadunga!" Kisha nikaanza kulia, na Rukia naye akaanza, na baba akatoa leso yake mfukoni, akaikunjua, akabaki nayo mkononi hajui ampe nani.

Daktari alituacha tulie. Alipoona tumetulia, alifanya jambo ambalo mwaka mzima hakuna aliyelifanya. Alizunguka meza, akavuta kigoda, akakaa uso kwa uso na mdogo wangu. "Rukia, wewe unaonaje? Sindano ni zako. Ukiulizwa wewe, ungetaka zipangwe vipi?"

Rukia alifuta pua. Alifikiri muda mrefu, kwa makini, kama anayechagua haragwe. "Zikiwa tatu, zinakuwa kubwa?"

"Kila moja itakuwa na dawa zaidi, ndiyo. Na mie naamini kila siku itakusaidia zaidi. Lakini dawa unayodungwa mara tatu kweli ni bora kuliko inayoandikwa mara saba."

"Basi kila siku," akasema Rukia. "Lakini nijidunge mwenyewe. Dada anabana sana." Akasita. "Na wakati najidunga mtu asiongee."

Daktari alicheka, baba hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea maagizo ya mkuu wake wa kazi. Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, baba akasema bila kunigeukia, "Nilipaswa kukuuliza unaendeleaje. Na wewe ulipaswa kuniambia. Sote tumekosea, ila wewe umemwaga dawa." Hakulirudia tena neno hilo mpaka anakufa. Mama aliambiwa. Shangazi aliambiwa tu kwamba ratiba imerekebishwa.

Jioni ile Mzee Komba alipita kama kawaida, akakaa, akanawa mikono, akafungua mdomo. Baba akaweka kiganja juu ya meza. "Mzee mwenzangu, kula ushibe. Ila hapa leo tunanyamaza kidogo." Mzee Komba akatutazama mmoja mmoja, akashangaa, akanyamaza. Simu ya shangazi ikaita, baba akaizima. Rukia alikuwa amekwishamaliza chakula, kwa mara ya kwanza mwaka ule kabla yetu sote. Alijidunga palepale mezani, amekunja gauni juu ya paja, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Ilimchukua muda. Alijaribu, akaacha, akajaribu. Mama alifumba macho. Mie nilikuwa nimeikalia mikono yangu. Ilipoingia alishusha pumzi, akasukuma taratibu, akachomoa, akasema, "Endeleeni."

Aliandika mwenyewe kwenye karatasi mpya, ambayo baba aliipigia mistari usiku uleule. Nafasi yangu ikatoka, nikaenda shule ya bweni Tabora kwa kidato cha tano, kwa hiyo sikuwepo nyumbani kumwona akijidunga. Lakini likizo ya kwanza iliangukia siku yake ya kupimwa, nikawasindikiza. Daktari alimsimamisha kwenye ule ubao, akashusha kipande cha mbao mpaka utosini, akasoma, akasoma tena. Alikuwa ameongezeka, na si haba. Kisha akaitandaza karatasi juu ya kioo. Vema zilikuwa za kitoto, zimepinda, nyingine zimetoka nje ya mistari, na katikati kulikuwa na visanduku vitatu vitupu.

Baba aliviona kabla ya daktari. Nilimwona anakaza taya. "Na hivi, Ruki?"

"Siku hizo sikudunga," Rukia akasema. "Mbili niliogopa. Moja nilisahau."

Daktari akavizungushia kalamu vile visanduku vitatu, kimoja kimoja, akaandika kitu pembeni. "Sawa," akasema, akaivuta karatasi karibu zaidi. "Hii sasa naweza kuisoma."